Asante, mama wa shamba la chai Ndakaini

Sikupata jina lako, mama, kwa hiyo nakushukuru hapa mbele ya watu.

Tulikuwa tumetoka Nairobi kwenda Gatanga kuliona bwawa la Ndakaini linalotupa sehemu kubwa ya maji ya jiji letu, tukatembea kandokando yake, chai ikiwa kijani hadi karibu na maji. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Shangazi yangu akateleza, kifundo cha mguu kikateguka, akashindwa kukanyaga chini. Simu zetu hazikushika mtandao.

Ulishuka kutoka shambani kabla hatujaita mtu, kikapu mgongoni. Ukamkataza shangazi kuvua kiatu, maana mguu ukivimba hakingeingia tena. Ukafungua leso yako, ukamfunga kifundo juu ya kiatu hichohicho, ukamkatia fimbo. Halafu ukapanda mlima hadi mahali unapojua simu hushika, ukampigia kijana wa bodaboda, ukamwonya aje polepole. (Kijana mwenyewe alituambia ulimwonya kwa ukali!) Ulitembea kando ya pikipiki ukimshika shangazi mkono mpaka zahanati.

Majani ya chai hulipwa kwa kilo. Saa zote hizo hukuchuma hata jani. Bado ulikataa pesa, ukataka kijana tu alipwe nauli yake.

Mnaokwenda kutembea Ndakaini, wasalimieni wachumaji mnapopita, na mnunue ndizi zao.

Shangazi anaendelea vizuri. Leso tumeifua, na tutaileta wenyewe akianza kutembea bila fimbo.