Somoe, yule mchawi wetu kumbe ana jina

Mikindani, Mtwara
Jumatatu usiku

Mpendwa shoga yangu Somoe,

Asalaam aleikum, wewe na wote hapo Morogoro. Huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, anauliza kama ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, aliyokutumia kwa basi ilikufikia ikiwa nzima.

Nina jambo la kukueleza ambalo haliwezi kukaa kwenye meseji. Unaikumbuka deki ya shangazi yako kule Lindi, na ule mkanda wa The Wizard of Oz uliokuwa ukichezacheza mistari kila kimbunga kinapoanza? Wewe na mimi tulijifunika kanga moja, na mchawi wa kijani akitokea tunaibana mpaka puani. Basi Ijumaa nimeionyesha hapa uani kwetu. Kaka amekuja likizo na projekta ya kuazima, tukatundika shuka jeupe ukutani, tukatandika mikeka, na mtaa mzima ukahamia kwetu. Mama alichemsha ming'oko sufuria mbili, zikaisha kabla Dorothy, yule msichana wa Kansas, hajafika nchi ya Oz.

Mimi nilikaa kwenye kigoda pembeni nikitafsiri kwa sauti. Filamu ya mwaka 1939, Somoe, na watoto walitulia kama imetengenezwa jana! Mbwa wa Dorothy alipovuta pazia na yule Mchawi Mkuu akaonekana ni kibabu tu kinachozungusha mitambo, uani palilipuka kicheko. Na Dorothy alipomwaga maji, mchawi wa kijani akayeyuka, walipiga makofi mpaka kuku wakaamka. Hayo makofi yaweke akilini, nitayarudia.

Jumamosi ndiyo tukaweka ile mpya, Oz the Great and Powerful, ya mwaka 2013, inayosimulia yaliyotokea kabla Dorothy hajazaliwa: yule kibabu wa nyuma ya pazia alitoka wapi, na mchawi wa kijani alipataje kuwa mchawi.

Mwanzo wake hauna rangi, na picha imebanwa katikati kama televisheni za zamani. Watu wakaanza kunung'unika kwamba projekta imeharibika. Nikawaambia wavumilie. Puto lilipoangukia Oz, picha ikajitanua huku na huku hadi ukingo wa shuka, rangi zikaingia zote kwa mpigo, na akina mama wakapiga vigelegele. Aliyeiongoza, Sam Raimi, alijua anachokifanya pale: ile ya 1939 nayo inaanza na rangi ya udongo kabla ya kufungua mlango.

Tafsiri ndiyo iliyonitoa jasho. Kuna mwanamke anaitwa Glinda, nikasema, "Huyu ni mchawi mwema." Uani pakanyamaza. Bibi wa nyumba ya pili akauliza taratibu, "Nchawi mwema ndiyo yupi, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Unajua neno hilo huku kwetu linavyobeba, likimwangukia mtu halibanduki, hata akihama kijiji litamfuata. Mama Shaibu akapendekeza tumwite mganga, basi Glinda akawa mganga usiku mzima, na ilikaa vizuri kuliko nilivyotegemea. Yule mwanamume, Oscar, ambaye ndiye kibabu wa pazia akiwa bado kijana, hakunisumbua. Ni mtu wa mazingaombwe kwenye sarakasi inayozunguka Kansas mwaka 1905, na sisi tunalo neno hilo tayari, tumewaona watu wa mazingaombwe tangu shule ya msingi. Hakuna mtoto pale aliyechanganya mazingaombwe na uchawi. Nilifurahi, maana filamu nzima imejengwa juu ya tofauti hiyo: wanawake watatu wana nguvu za kweli, na mwanamume wanayemsubiri awaokoe ana mfuko wa vifaa na ulimi mtamu.

Huo ulimi akina mama waliushtukia mapema. Ana kisanduku cha kupiga muziki anachompa mwanamke na kumwambia kilikuwa cha bibi yake. Akampa mmoja Kansas. Alipomtolea Theodora maneno yaleyale kule Oz, Mama Shaibu akasema kwa nguvu, "Ana bibi wangapi huyu?"

Theodora ndiye aliyeninyima usingizi, Somoe. Kwenye filamu yetu ya utotoni mchawi wa kijani hana hata jina, anaitwa wa Magharibi, basi. Humu ana jina, ana kofia nyekundu ya kupendeza, na ndiye wa kwanza kumpokea Oscar. Anaamini huyu ndiye mfalme aliyetabiriwa, na kwamba yeye atakuwa malkia wake. Oscar anajua si kweli na anamwacha aamini. Kisha Evanora, dada yake Theodora, anamwonyesha mdogo wake ndani ya tufe la kioo Oscar akiwa na Glinda, na Theodora analia. Machozi yanamchoma. Yanamwachia mistari mashavuni, kama maji ya moto.

Hapo ndipo mwanangu Rehema, ana miaka minane, aliposimama mkekani akasema, "Maji! Mama, jana alikufa kwa maji!"

Mimi nilikuwa nimeiona filamu hii mara mbili na sikuwa nimeliona hilo. Nilitafsiri sentensi mbili zilizofuata sauti ikitetemeka. Evanora akampa tofaa la kijani la kumkaushia moyo, Theodora akaling'ata, na umeme ukakatika.

Hakuna aliyeondoka. Tulikaa gizani karibu nusu saa, na nakwambia mjadala ule ulishinda filamu. Fundi baiskeli alisema mwenye kosa ni dada, kwa sababu tofaa katoa yeye, na mwanamume hakumtuma mtu akale sumu. Mama Shaibu akamjibu kwamba sumu ilianza kwenye kisanduku, tofaa lilimalizia tu. Vijana wa nyuma walitaka warudishiwe mchawi wa jana, mbaya bila sababu, kwa kuwa ukishajua kilichomliza huwezi kumwogopa tena. Binti mmoja wa kidato cha nne alikasirika kweli. Akasema kila mwanamke kwenye hadithi akiwa mbaya lazima atafutiwe mwanamume aliyemwacha, kama vile hatuwezi kukasirika kwa jambo lingine. Sikuwa nimelifikiria, na bado nalifikiria. Huko Marekani filamu hii ilipotoka Machi 2013 watu walijaa majumba ya sinema, ikaingiza duniani zaidi ya dola milioni 490. Sura yake ilisifiwa mno, lakini baadhi ya manung'uniko yalikuwa haya haya tuliyoyasema gizani Mikindani.

Umeme uliporudi tuliendelea. (Watoto waliuliza viatu vyekundu vya Dorothy viko wapi. Nikawaeleza kwamba kwenye kitabu cha L. Frank Baum cha mwaka 1900 viatu ni vya fedha, wekundu uliletwa na filamu ya 1939 ili rangi zionekane, na Disney waliotengeneza hii mpya hawakuwa na haki nao. Hawakuridhika.)

Mwisho wake ulinishika. Oscar hana jeshi, kwa hiyo anajenga mtambo wa picha na kuirusha sura yake kubwa juu ya moshi, maadui wanakimbia. Watoto wetu wakageuka, wote, wakautazama mwanga unaotoka kwenye projekta ya kaka na vumbi linaloelea ndani yake, kisha wakalitazama tena shuka. Walielewa bila mimi kusema neno.

Halafu Oscar anamwambia Theodora anajua ubaya ule si wa kutaka kwake, na siku akiupata wema wake anakaribishwa kurudi. Theodora anakataa, anapaa na ufagio wake. "Na samahani iko wapi?" akauliza Mama Shaibu. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Wala mimi.

Yule babu mchonga vinyago, aliyekuwa kimya tangu magharibi, ndipo akasema neno lake. Alisema tusimwite Oscar mwongo. Kwenye ngoma ya midimu, akasema, kila mtu mzima anajua ndani ya kinyago kuna mtu, tena pengine ni jirani yako, na bado unaogopa na unafurahi, na mji unapata kitu. Oscar amevaa kinyago kuwaokoa watu wa Oz, basi amecheza vizuri. Nilimheshimu kwa maneno hayo, na kuhusu moshi na ile sura kubwa nakubaliana naye kabisa. Lakini nilimjibu, kwa adabu, "Babu, mvaa kinyago hukivua akirudi nyumbani. Huyu alikwenda nacho kwa Theodora akamwacha aamini ndoa." Babu akafikiri kidogo, akasema, "Hapo sawa. Hapo alikosea ngoma."

Hilo ndilo linaloniuma kuhusu filamu hii, Somoe, na nasema hivyo nikiwa naipenda. Ilithubutu kufungua kidonda cha mchawi, kisha ikashughulika na sherehe za mfalme. Wangempa Theodora hata dakika tano za kuulizwa! Inajua kufanya hivyo inapotaka. Kuna kidoli cha kauri ambacho kijiji chake kimevunjwa na miguu yake imekatika, na Oscar, aliyeshindwa kumtembeza mtoto wa kwenye kiti cha magurudumu kule Kansas, anapiga magoti na kuiunganisha kwa gundi, polepole. Hakuna mazingaombwe pale, ni gundi tu na mikono inayojali. Sauti ya kidoli ni ya msichana yuleyule wa Kansas, Joey King. Uani palikuwa kimya hata mawimbi tuliyasikia. Mtu aliyeweza kupiga magoti mbele ya kidoli alishindwaje mbele ya mwanamke aliyemvunja mwenyewe?

Nimemkumbuka pia mchawi wetu wa kwanza, Margaret Hamilton. Kabla ya kuigiza alikuwa mwalimu wa chekechea, kama wewe. Desemba 1938 wakipiga picha ya kutoweka kwake ndani ya moshi na moto aliungua uso na mkono kweli, na alipopona akarudi kuimaliza kazi. Na sisi tukambania kanga.

Jana Jumapili watoto wakaomba tena ile ya zamani. Nikadhani ni kwa ajili ya nyimbo. Walikaa walewale, mikeka ileile. Mchawi wa kijani alipotokea Rehema akawaambia wenzake, "Huyo ni Theodora," na jina likapita mkekani mtoto hadi mtoto. Kila alipocheka kile kicheko chake nilisikia wakinong'ona. Kisha Dorothy akashika ndoo.

Hakuna aliyepiga makofi. Theodora aliyeyuka mpaka ikabaki kofia, na kitu pekee kilichosikika uani ni mimi nikitafsiri, na Rehema kaziba macho kwa viganja.

Utakuja lini? Kaka ana projekta mpaka mwisho wa mwezi.

Wako akupendaye,
Zuhura