Risala ya Walezi wa Wagonjwa wa Saratani ya Mapafu kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, waheshimiwa madaktari na wauguzi, ndugu walezi, mabibi na mabwana,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ni watu tunaouguza. Wengi wetu tuna ndugu ambaye saratani imeshafika kwenye njia yake ya hewa, wengine tulishazika. Leo tunazungumzia tiba ya leza inayofungua njia ya hewa iliyozibwa na uvimbe.

Mheshimiwa, aliyewahi kumlea mgonjwa wa aina hii anaujua ule usiku. Kulala chali hawezi. Hukaa kitandani ameukumbatia mto, na kila akivuta hewa kifua kinalia kama filimbi. Bomba kuu la hewa la mtu mzima lina upana wa takriban sentimita 2 tu, na uvimbe ukiota humo, kumaliza sentensi moja huwa kazi. Anakohoa damu. Makohozi yaliyokwama nyuma ya uvimbe yanamletea nimonia kila mara.

Hapo ndipo familia huambiwa: mrudisheni nyumbani, hakuna la kufanya. Kwamba ugonjwa hauponi, tumekubali. Kwamba hakuna la kufanya, tunakataa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Dkt. Jean-François Dumon wa Marseille, Ufaransa, alikuwa miongoni mwa walioonyesha njia. Mgonjwa hupewa nusukaputi, bronkoskopu ya chuma, yaani bomba la kuchungulia njia ya hewa, hupitishwa mdomoni, na uzi mwembamba wa kioo hupeleka mwanga wa leza, mara nyingi ya aina iitwayo Nd:YAG, hadi kwenye uvimbe. Joto lake hukausha mishipa ya damu, kisha daktari huukwangua uvimbe na kuutoa vipande vipande. Tiba ya mionzi huchukua siku, pengine wiki, kuleta nafuu. Kwa leza, mgonjwa anaweza kuzinduka akiwa anapumua vizuri. Akishapata pumzi, huenda hata hiyo mionzi akaiweza.

Hatukuja kunadi muujiza. Leza hufaa uvimbe ulioota ndani ya njia. Ukiibana kutoka nje, leza haina kazi, huwekwa stenti, yaani kibomba cha kuishikilia njia ibaki wazi. Uvimbe huweza kurudi. Damu huweza kumwagika, ukuta wa njia ukatoboka. Na kuna hatari ya moto kifuani: ndiyo maana oksijeni hupunguzwa isizidi asilimia 40 kabla leza haijawashwa, na waliomo chumbani huvaa miwani maalumu. Mashine bila timu iliyofundishwa, Mheshimiwa, afadhali isinunuliwe.

Ombi letu kubwa ni rufaa ya mapema. Pafu lililozibwa kwa muda mrefu huharibika, na likishaharibika, kufungua njia hakumsaidii mgonjwa. Tunaomba anayeanza kutoa mlio kifuani apelekwe kwa daktari wa kifua wakati bado anaweza kutembea. Tunaomba pia madaktari wa kifua na wataalamu wa nusukaputi wafundishwe pamoja, kwa kuwa wote wawili hufanya kazi kwenye njia ileile ya hewa.

Na wakati rufaa ikisubiriwa, au kwa yule ambaye leza haimfai, asinyimwe morfini, ile dawa ya maumivu makali. Dozi ndogo hupunguza ile hali ya kukosa pumzi, na wapo wagonjwa wetu waliokosa hata hiyo kwa sababu tu mtu aliogopa kuiandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, walezi.