Mbuddha na pombe: “mradi usilewe” imetoka wapi?

Ndugu Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika kwamba Mbuddha anaruhusiwa pombe mradi asilewe. Naomba nafasi nimjibu, maana niliishi miaka minne Ratnapura, Sri Lanka, kwa fundi wa kukata vito.

Mzee huyo alipenda araki, inayokenekwa kwa tembo la mnazi kama hilihili la Pwani. Lakini siku ya Poya, mwezi mpevu, maduka ya pombe hufungwa nchi nzima kwa sheria, naye huvaa nguo nyeupe na kwenda hekaluni kutamka nadhiri tano. Ya tano ni kujizoeza kuepuka vileo vinavyomghafilisha mtu. Hakuna “usinywe” ndani yake. Anayetamka ndiye anayejifunga mwenyewe, na hapo ndipo wengi huteleza, wakadhani kisichoamrishwa ni chepesi.

Wamsome Sagata. Huyo mtawa wa zama za Buddha alilishinda joka lenye sumu kwa nguvu za tafakuri. Watu wa mji wa Kosambi, India, wakafurahi, kila nyumba ikamkaribisha kinywaji. Akaanguka langoni mwa mji. Wenzake walimbeba wakamlaza kichwa kikielekea kwa Buddha, naye akajigeuza, miguu ndiyo ikamwelekea mwalimu wake. Buddha akauliza: huyu sasa anamweza hata nyoka wa majini? Tangu hapo watawa wamekatazwa hata kiasi cha ncha ya jani la nyasi. Wala Sagata hakuwa mlevi. Alinyweshwa na watu waliompenda.

Walei hawana sharti hilo la ncha ya nyasi, kweli. Lakini kijana Sigala, mlei, alitajiwa na Buddha hasara sita za ulevi: mali kupotea, ugomvi, maradhi, jina baya, kujivunjia staha na akili kudhoofika. Walei waliambiwa pia wasifanye biashara ya vileo.

Najua Tibet zipo ibada zinazotumia pombe kidogo. Japani nako watawa waliipa sake, pombe ya mchele, jina la hannyato, maji moto ya hekima. Kama ilikuwa halali yao, jina la kuifichia la nini?

Usiku mmoja nilimuuliza mzee mbona siku nyingine anakunywa. Aliweka glasi chini. “Mwanangu, nikinywa nimevunja. Sijawahi kusema Buddha kaniruhusu.”

Msomaji wenu,
Tanga