Shangazi, poda iache kwanza

Shikamoo shangazi. Poleni na baridi la Uyole, Mbeya.

Ujumbe wako umefika, nao ulikuwa na swali moja: kwa nini mama wa bibi harusi akitoka saluni huonekana ameongezewa miaka kumi? Nakujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayeuliza. Sherehe nyingi za huku kwetu zinaangukia kati ya Juni na Septemba, miezi ileile ambayo hewa ya Mbeya, Makambako, Njombe na Mafinga ni baridi na kavu, na kila ngozi inapauka.

Jibu fupi ni kwamba mama amepambwa kwa mkono uleule uliompamba bintiye. Ngozi ya binti wa miaka 25 inatoa mafuta yake yenyewe, kwa hiyo mpambaji anaipiga poda isiwake. Ngozi yako tangu hedhi ikome inatoa mafuta kidogo, imekuwa nyembamba, na seli zilizokufa zinakawia kubanduka. Poda nyingi inafyonza hata yale mafuta machache yaliyobaki. Ukicheka mara mbili tatu, rangi inakusanyika kwenye mikunjo na kubaki humo, na mkunjo ambao hapo awali mtu asingeuona kutoka meza ya pili sasa umechorewa mstari. Kwa hiyo siku hiyo kazi ni mbili: kuinywesha ngozi kabla, na kuweka rangi pale tu inapohitajika. Kufunika uso mzima siyo kazi yetu.

Tuanze dukani. Ukishuka soko la Mwanjelwa kununua fondesheni, ile rangi ya uso inayofanana na ngozi, nenda mchana jua likiwepo, na uso uwe mtupu. Paka mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana, kuanzia chini ya shavu, ipite taya, iishie shingoni. Usipimie mkononi, maana mkono hauna rangi ya uso. Kisha toka nje ya duka, simama kivulini kwenye mwanga wa kutosha, usubiri dakika 10 hadi 15. Fondesheni nyingi hukolea zikishakauka na kukutana na hewa na mafuta ya ngozi; iliyokupendeza palepale inaweza kukugeuka ukiwa kwenye bajaji. Mstari uliopotea usiouona tena, huo ndio wako. Muuzaji akikwambia uchukue iliyopanda kidogo ili "ung'ae", mshukuru, ununue uliyoichagua.

Maana hicho "kung'aa" ndicho kinacholeta uso wa kijivu. Ngozi zetu nyeusi na za maji ya kunde zina wekundu, udhahabu au umanjano kwa ndani. Ukiweka juu yake rangi iliyo nyeupe zaidi, au yenye upinki usio wako, inakuwa kama jivu. Hata fondesheni au mafuta ya jua yenye madini meupe ya titani au zinki yanaweza kufanya hivyo hata kama rangi umeipatia. Uso wa kijivu hautibiwi kwa kuongeza blasha, ile rangi ya mashavu, unatibiwa kwa kubadili chupa. Jambo jingine: paji la uso na kuzunguka mdomo mara nyingi huwa peusi kuliko mashavu. Usihangaike kuvisawazisha. Linganisha na shingo na kifua, kwa sababu ndivyo vitakavyoonekana pamoja na uso kwenye gauni.

Na hili nalisema kwa heshima zote. Kama kuna anayesoma hapa ambaye amepaka mkorogo kwa miaka, fondesheni haitakaa vizuri juu ya ngozi iliyochunika, na madoa ya bluu-kijivu yanayotokana na haidrokwinoni, ile dawa ya kung'arisha ngozi, hayafunikiki kwa tabaka jembamba. Huyo aanze kwa daktari wa ngozi, sherehe itafuata.

Chupa uliyonayo tangu kipaimara cha mwaka juzi itupe. Nyuma ya chupa kuna mchoro mdogo wa kopo lililo wazi, na ndani yake 6M au 12M: ndiyo miezi ya kuitumia tangu ulipoifungua. Ikitengana mafuta na maji na isirudi ukitikisa, au ikinuka kama rangi ya mafuta, usijadiliane nayo. Chagua ya majimaji, ile inayoahidi unyevu na mng'ao wa asili. Zilizoandikwa "mat", yaani zisizowaka, na "saa 24" ziachie ngozi za mafuta.

Sasa ngozi yenyewe. Hapa ndipo penye kazi, nami ningekuomba utumie muda mwingi hapa kuliko kwenye rangi.

Maandalizi ni usiku wa kuamkia sherehe. Lowanisha kitaulo laini kwa maji ya uvuguvugu, zungusha taratibu usoni kwa dakika moja hivi, hasa pembeni mwa pua na kidevuni ambako magamba madogo hujificha. Sukari na limau vibaki jikoni. Punje za sukari zinakwaruza ngozi nyembamba, limau linaichoma, na kesho yake rangi itanasa kwenye kila mkwaruzo. Nyusi na vinyweleo vya juu ya mdomo vishughulikiwe siku mbili kabla, si asubuhi ileile. Halafu paka krimu nzito, na juu yake utando mwembamba kabisa wa mafuta ya mgando kwenye mashavu. Usiku mafuta ya mgando ni rafiki kwa sababu yanazuia maji ya ngozi yasitoroke. Asubuhi ni adui, fondesheni inateleza juu yake na mchana utaikuta kwenye kola.

Kukipambazuka, nawa kwa maji ya uvuguvugu. Najua Julai ilivyo huko Uyole, lakini maji ya moto yanaondoa mafuta ambayo tayari ni haba. Uso ukiwa bado na unyevunyevu, usifute ukakauka kabisa. Wengi mnapaka gliserini tupu. Kwenye hewa kavu gliserini isiyo na maji inavuta unyevu kutoka kwenye ngozi yenyewe, ndiyo maana inaachia uso unabana. Matone mawili kwenye kijiko cha chai cha maji yanatosha. Juu yake weka krimu kiasi cha punje moja ya harage kwa uso mzima, na nyingine kwa shingo. Subiri dakika 5.

Kisha mafuta ya kujikinga na jua, SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Usidanganyike na baridi: Mbeya mjini tupo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi inayochoma ngozi huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kipimo ni mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. SPF iliyoandikwa kwenye fondesheni haikutoshi, kwani utapaka fondesheni kidogo mno kufikia kinga hiyo. Subiri tena dakika 10 hadi 15. Ukiharakisha, vitu vinachanganyika na kujiviringa vitonge vidogo kama vya kifutio. Vitonge hutokea pia ukiweka kitu chenye silikoni juu ya chenye maji mengi ambacho hakijakauka. Kwenye orodha ya viambato, neno dimethicone likiwa kati ya yale ya mwanzo, hiyo ni ya silikoni. Jaribu mchanganyiko wako wote shavu moja wiki moja kabla, ukae nao hadi jioni. Praima, ile inayopakwa kabla ya fondesheni ili ishike, unaweza kuiacha kabisa. Krimu iliyoingia vizuri inafanya kazi hiyo.

Kabla ya fondesheni, bonyeza tishu usoni mara moja, bila kusugua. Inatoa kile kilichobaki juu tu.

Yale madoa ya mashavuni yanayowapata wengi baada ya uzazi au vidonge vya mpango yanatangulia. Kwa ngozi yako iliyokolea tumia krimu ya kurekebisha yenye rangi ya chungwa iliyoelekea wekundu, kiasi cha nusu punje ya mchele kwa kila doa. Bonyeza kwa kidole cha pete, legeza kingo tu, acha dakika moja. Katikati usipaguse tena. Rangi ya chungwa inaua ule weusi wa bluu ambao fondesheni peke yake ingeugeuza kijivu.

Sasa toa fondesheni nyuma ya kiganja. Tone la ukubwa wa punje ya hindi linatosha kuanzia. Asubuhi ya baridi huwa nzito na haitaki kutandaa, basi ikoroge kwa kidole hadi ishike joto la mwili, au chupa ikae mfukoni mwa sweta wakati unajiandaa. Weka nukta mahali hapa: kila shavu karibu na pua, kidevuni, katikati ya paji, na kinachobaki kidoleni kipite puani. Tandaza kwa kubonyeza. Kusugua kunanyanyua magamba na kuhamisha ile rangi ya chungwa uliyoiweka. Brashi ngumu inaacha michirizi kwenye ngozi kavu. Mimi napendekeza vidole kwanza, halafu lile sponji la umbo la yai. Lilowanishe, likamue ndani ya taulo hadi lisidondoshe hata tone, kisha ligongegonge kutoka katikati kwenda nje. Ukifika masikioni na kwenye nywele, rangi iwe imekwisha njiani. Usiongeze nukta mpya pembezoni, hapo ndipo uso unapogeuka kinyago chenye mpaka.

Mikunjo inayotoka puani kushuka kwenye pembe za mdomo haiwekewi nukta kamwe. Jaza hewa mdomoni shavu livimbe, mkunjo ukunjuke, kisha ugonge hapo mara mbili kwa sponji lenye mabaki. Chini ya macho vilevile ni mabaki tu, ukiangalia juu dari. Kama kuna weusi unaokusumbua, konsila, ile rangi nzito ya kuficha madoa, kiasi cha punje ya mchele igawanywe macho yote mawili, iwekwe kwenye pembe ya ndani iliyo karibu na pua, iwe na rangi ya ngozi yako. Ile nyeupe ya kuchora pembetatu chini ya jicho ni ya picha za mabinti. Kwako itaonyesha kila mfuko na kila mstari.

Acha dakika 5. Katika muda huo ongea, cheka, imba pambio. Kisha simama dirishani na kioo kidogo, si kwenye taa ya bafuni. Utaona rangi imekusanyika kwenye mistari miwili mitatu. Ipapase kwa ncha ya kidole hadi ilale. Hatua hii ndiyo inayorukwa saluni, kwani baada ya fondesheni mpambaji ameshashika kopo la poda, na poda ikitua juu ya rangi iliyokusanyika inaifunga hapohapo. Doa likibaki linaonekana kwa mbali, liache. Tabaka la pili la uso mzima halikubaliki. Mguso mmoja wa konsila juu ya doa hilo, basi.

Poda, kama ni lazima, iwe na rangi yako na iende sehemu tatu: pembeni mwa pua, katikati ya paji, kidevuni. Brashi ndogo, uichovye, uikung'ute mkononi, ndipo ibonyezwe. Chini ya macho isifike, hata mpambaji akikuapia kwamba ndiyo mtindo. Ile nyeupe laini isiyo na rangi yenye silika ikatae kabisa: kwenye kioo haionekani, ila flashi ya mpiga picha ikiwaka inarudisha mwanga, na albamu nzima utakuwa na mabaka meupe.

Wanja na rangi ya mdomo wewe unavijua kuliko mimi. Blasha iwe ya krimu, kabla ya poda, juu ya mfupa wa shavu na siyo kwenye tofaa la shavu, ile sehemu inayovimba ukicheka, maana likishuka na blasha inashuka nalo.

Ukumbini uso ukianza kupasuka, usiongeze poda. Loweka kona ya sponji, ikamue, weka juu yake tone la krimu kama kichwa cha kiberiti, ubonyeze palipopasuka. Ukiwaka, bonyeza tishu. Na kama sherehe ya pili ya upande wa wakwe itakuwa Kyela, geuza mambo: kule unashuka hadi karibu mita 500, kuna joto na unyevunyevu, kwa hiyo krimu nzito inaachwa nyumbani, krimu nyepesi nusu ya kipimo inatosha, na poda unaweza kuipandisha hadi pembeni mwa mdomo wa juu panapotoka jasho.

Usiku usilale nayo hata kama miguu inauma. Mafuta ya parachichi au ya alizeti kiasi cha kijiko cha chai, papasa uso mkavu kwa dakika moja, futa kwa kitaulo chenye uvuguvugu, ndipo unawe kwa sabuni laini ya uso. Futa tena kwa pamba nyeupe. Ikitoka na rangi, rudia. Sponji lioshwe kwa sabuni usiku huohuo, likaushwe penye hewa, siyo ndani ya mkoba, na usimwazime mtu.

Kabla hujanunua chochote, nipigie picha ya taya na shingo ukiwa dirishani, saa nne asubuhi, bila losheni yenye rangi, simu isiwekwe kile kichujio cha kulainisha uso. Nitumie pamoja na picha ya gauni.