Kila msharika apewe kazi yenye jina na tarehe ya mwisho

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalozigusa sharika nyingi hapa nchini, ziwe za Kilutheri, Kianglikana au Kimoraviani. Mwishoni mwa matangazo ya Jumapili, msomaji husema: "Anayeguswa kuhudumu aonane na wazee wa kanisa baada ya ibada." Wimbo unaimbwa, baraka zinatolewa, watu wanatoka. Nje mnada wa ndizi na kuku umeshaanza, na mlangoni pa ofisi hajasimama mtu. Wiki inayofuata wanakwaya ni wale wale wanaofundisha watoto, ndio hao wanaokusanya sadaka, na ndio watakaopanga viti kwenye msiba wa Jumanne. Wengine wote wanahesabiwa kuwa washarika wema kwa mambo mawili: wanafika, na bahasha yao haikosi.

Tunavyoona sisi, wanaokaa kimya si wagumu wa moyo. Kasoro iko kwenye tangazo. Halikusema kazi ni ipi, siku gani, kwa muda gani, wala na nani. Mama anayefunga genge saa mbili usiku ataitikiaje "kuhudumu" asikojua kutamla saa ngapi? Isitoshe amemwona jirani yake aliyeombwa ashike daftari la jumuiya kwa muda tu, na mwaka wa tisa huu bado analo.

Mafundisho yenyewe yako wazi. Waefeso sura ya 4 inasema wachungaji na walimu wametolewa ili wawakamilishe watakatifu, kisha kazi ya huduma itendwe na hao watakatifu. Petro analiita kanisa zima ukuhani wa kifalme, na Luther alilisimamia hilo kwa nguvu katika maandiko yake ya mwaka 1520. Wenzetu Wakatoliki walipata tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu utume wa walei, yaani waumini wasio makasisi wala watawa, mwaka 1965, na jumuiya ndogo ndogo zikaja kuwa uti wa mgongo wa parokia zao. Na hatuhitaji kwenda mbali. Wamisionari Wajerumani walipoondolewa Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, waliobaki kupanda mafundisho mioyoni mwa watu, kuzika na kuombea wagonjwa vijijini walikuwa walimu na wainjilisti Waafrika, wengi wao bila cheo chochote.

Lakini fundisho peke yake halipangi zamu. Kwa hiyo tunayashauri mabaraza ya wazee yasome Nehemia sura ya 3 kalamu ikiwa mkononi. Ni orodha ndefu ya majina ya waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu, ambayo wengi huiruka. Humo mna makuhani, mafundi dhahabu, mtengeneza marashi, na Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Mfua dhahabu hakuambiwa asubiri ajifunze uashi. Alipewa kipande chake cha ukuta, kinachoanzia pale alipoishia mwenzake. Wengine kadhaa walipewa kipande kilicho mbele ya nyumba zao wenyewe, na Meshulamu alitengeneza mbele ya chumba chake. Hata wakuu wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo wameandikwa. Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

Namna ya kugawa vipande usharikani ni hii. Anzeni na jumuiya moja, msianze na usharika mzima. Chukueni orodha ya nyumba zake, labda kumi na mbili, mwandike kila jina kuanzia waliokwisha kupata kipaimara. Mbele ya kila jina andikeni anafanya shughuli gani kila siku, na ni saa zipi yuko huru. Mkifika kwake msimuulize ana karama gani, maana swali hilo humfanya mtu ainamishe kichwa aseme hana. Muulizeni: majirani huwa wanakuita uwasaidie nini? Hapo mtasikia. Huyu huitwa kupatanisha wanandoa, yule kuhesabu michango ya harusi, mwingine kutengeneza swichi iliyoungua, na kuna binti ambaye kila mtoto anayelia hunyamaza akibebwa naye.

Kisha kazi iandikwe kwenye nusu karatasi, mistari mitano na isizidi: jina la kazi, siku na saa, inachukua muda gani, unafanya na nani, inakwisha tarehe gani. Kwa mfano: Kupokea wageni, mlango wa kusini. Jumapili ya kwanza na ya tatu, ibada ya pili. Fika saa 3:30 asubuhi. Dakika 30 kabla ya ibada na dakika 15 baada yake. Mko wawili. Mwisho 30 Juni. Mstari wa mwisho ndio mabaraza mengi hayataki kuuandika, yakihofia mtu ataondoka. Uzoefu wa kazi za kujitolea ni kinyume chake: anayejua mlango wa kutokea uko wapi huingia bila hofu, na wengi tarehe ikifika huomba kuendelea. Kazi mpya iwe ya miezi mitatu ya kujaribu, halafu mwaka mmoja, unaoweza kurudiwa mara moja. Baada ya hapo apumzike, hata kama ni hodari. Hasa kama ni hodari, maana akiendelea tu hakuna atakayejifunza.

Waende watu wawili nyumbani kwake kumwomba, wamwachie karatasi hiyo, wampe wiki nzima ya kufikiri. Akikataa, ashukuriwe na mambo yaishe hapo hapo. Asije akasikia jina lake likitajwa kwa mafumbo katika mahubiri.

Kumfundisha kunataka nafasi nne. Ya kwanza anatazama. Ya pili anafanya akisaidiana na mzoefu. Ya tatu anafanya mwenyewe, mzoefu akikaa pembeni. Ya nne anaachiwa. Mambo huharibika kwenye ile ya tatu. Kijana anasoma somo, anakwama kwenye jina la Nebukadneza, na mzee anamnyang'anya maikrofoni. Kijana huyo hatasoma tena. Kosa lisubiri hadi ibada iishe, lisemwe wakiwa wawili, na litanguliwe na lile alilofanya vizuri.

Tuichukue huduma ya kutembelea wagonjwa, kwa sababu ndiyo karibu kila mtu anaiweza na ndiyo huharibiwa zaidi. Nendeni wawili, si kumi na watano na ngoma. Pigeni simu kwanza. Naweni mikono mkifika. Ketini kwenye kiti au kigoda, macho yenu yalingane na ya mgonjwa. Kitandani kwake msikae. Dakika 15 zinatosha. Msimdadisi ugonjwa wake, wala msimsimulie marehemu fulani aliyeugua kama yeye. Msimwambie aache dawa kwa kuwa ameombewa: hilo limeua watu, na mhudumu asiyekubali sharti hili asitumwe. Somo liwe mistari michache ya zaburi, ombi lisizidi dakika mbili. Kabla ya kuaga, ulizeni jambo moja: siku hizi ni nani anachota maji, na watoto wanapelekwa shule na nani? Jibu hilo ndilo mnalolirudisha kwenye jumuiya, kwa sababu limezaa kazi nyingine yenye jina, yaani ndoo mbili kila asubuhi hadi mama apone. Mengine mliyoyasikia yabaki chumbani mle. Yasiingie kwenye kundi la WhatsApp, wala kwenye maombi ya hadhara, kama mwenyewe hakuruhusu.

Kuhesabu sadaka nako tukuseme, ingawa wengi hawakuhesabu kuwa huduma. Wahesabuji wawe watatu wasio ndugu, na wabadilishwe kwa zamu. Wahesabu mara ibada inapokwisha, kikapu kisilazwe kabatini "tutahesabu kesho". Noti zipangwe kwa thamani yake, jumla iandikwe kwenye fomu yenye nakala mbili, wote watatu watie sahihi, fedha ziende benki siku ya kazi inayofuata. Utaratibu huu unamlinda mhesabuji kabla haujalinda fedha; mtu akizusha neno, karatasi inamjibu. Na kwa kazi hii mama ntilie anayeshika noti kutwa nzima huenda akawa bora kuliko mzee anayeheshimiwa sana lakini haoni vizuri.

Kuna mahali ambapo haraka haifai. Tunaposema kila mmoja ahudumu, hatusemi kila mmoja ahudumu popote. Anayetaka kufundisha watoto awe amejulikana kwenye jumuiya kwa angalau miezi sita, ulizeni na alikotoka, na darasani wawepo watu wazima wawili kila mara, mlango ukiwa wazi. Mtu mwenye bidii akikasirishwa na masharti haya, apewe kazi nyingine.

Wapo pia wanaosahaulika kwa sababu Jumapili hawapo: wauguzi, walinzi, madereva wa daladala, vijana wa bodaboda. Hao wapewe kazi za katikati ya wiki. Mwenye bodaboda anaweza kumpeleka mjane kliniki Alhamisi ya pili ya kila mwezi, na hiyo iandikwe kwenye karatasi kama kazi nyingine yoyote. Asiyeona anaweza kuongoza maombi au kusoma somo kwa nukta nundu. Vijana nao wasibaki wa kubeba viti na turubai tu. Kuna wanaojua spika na vyombo vya sauti kuliko sisi sote.

Kwa wachungaji tunasema kwa heshima na upendo: kufundisha neno na kutoa sakramenti ni wito wenu na hakuna anayeugusa. Lakini mkitaka wenyewe kuomba kila nyumba, kufungua kila kikao na kukata kila keki, mtachoka kama Musa alivyochoka hadi Yethro mkwewe akamwambia aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Na washarika nasi tuna sehemu yetu. Mara ngapi wazee watatu wamemtembelea mgonjwa, wameomba, wameacha sukari na sabuni, na bado familia inalalamika kwamba kanisa halijafika, kwa kuwa mchungaji hakuwemo? Dawa yake ni mchungaji kuwasimamisha waliotumwa mbele ya ibada, kila mmoja kwa jina lake na kazi yake, awaombee, kisha atamke wazi kwamba hawa wakifika, kanisa limefika.

Muda wa mtu ukiisha, amkabidhi anayefuata daftari: nani ana ufunguo, turubai liko kwa nani, fundi wa jenereta ni yupi, kitu gani kilimshinda. Bila daftari hilo kila mwaka unaanza upya.

Mwisho ni wazee wetu. Kitabu cha Hesabu sura ya 8 kinasema Mlawi, yaani mhudumu wa hema ya Mungu, akifika miaka 50 anaacha kazi hiyo, lakini anaendelea kuwasaidia nduguze kulinda. Bibi asiyeweza tena kupanda kilima cha kanisa apewe majina matano ya kuombea, kila jina na namba ya simu, na mjukuu wa kumpigia Jumatano jioni ili awaulize hali zao. Karatasi yake nayo iwe na mistari mitano na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ikifika wawili waende kumwuliza kama yu tayari kuendelea.

Wazee wa kanisa na waratibu wa jumuiya,
Morogoro