Risala ya Kikundi cha Kutunza Farasi Waliotelekezwa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha. Tunajua muda wako ni mchache, hivyo historia tutaipitia haraka: tulianza watu 7 tukiwa na kamba mbili na ndoo moja. Leo tuko 21, na kila mwanakikundi anajua kupima mapigo ya moyo ya farasi. Haya ni mafanikio makubwa.

Fahari yetu ni yule farasi jike wa kahawia uliyempapasa shingo ulipoingia. Alipoletwa, mbavu zake zilihesabika kutoka langoni na kwato zilikuwa zimerefuka hadi kupinda juu. Wenye huruma walitaka kummwagia ndoo nzima ya nafaka. Tulikataa. Farasi aliyekonda kwa njaa akijazwa wanga ghafla, madini ya damu yake huvurugika na moyo unaweza kusimama siku chache baadaye. Kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, tulimpa lusini kavu, yaani majani ya malisho ya jamii ya kunde, kidogo kidogo kila baada ya saa 4, usiku na mchana, kwa zamu.

Mheshimiwa, kilichomponya ni majani makavu na safi, na hapo ndipo tulipokwama. Hatuna ghala.

Farasi wa kilo 450 hula takriban kilo 9 za majani makavu kwa siku. Tunao wanne, yaani zaidi ya tani 1 kwa mwezi, na yote tunayafunika kwa turubai lililotoboka. Maji hupenya juu, unyevu hupanda kutoka ardhini. Wiki iliyopita tulikata kamba ya robota moja, likatoa vumbi la kijivu kama majivu. Yule jike akanusa, akakohoa, akageuza kichwa. Majani yenye ukungu humletea farasi maradhi ya mapafu na msokoto wa tumbo, naye hana uwezo wa kutapika. Tunamwokoa na njaa, halafu tunamlisha sumu? Robota la namna hiyo hulitupa, na siku hiyo chakula hupungua.

Wageni rasmi wawili waliokutangulia walituahidi mabati. Tuliwapigia makofi kwa moyo wote. Mmoja alipima uwanja kwa hatua zake mwenyewe. Vigingi bado vipo, na kila msimu tunavifyekea nyasi visipotee. Barua za kukumbusha tumeandika tatu, zote kwa adabu. Hatumlaumu mtu, ila ahadi ni deni, na mvua haisubiri.

Tunaomba mabati, mbao na misumari ya ghala moja lenye sakafu iliyoinuliwa ili hewa ipite chini. Mawe, mchanga na nguvu kazi tunavyo. Tunaomba pia, kwa unyenyekevu, ututajie tarehe leo hii. Katibu ameshafungua daftari.

Kabla ya chakula, tafadhali fika nyuma ya banda uliinue turubai kwa mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wanakikundi.