Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye funguo za jengo letu la zege

Mheshimiwa,

Salamu kwa heshima zote. Barua mbili za kwanza nilizileta mwenyewe ofisini kwenu, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala zake ninazo. Ya tatu niliambiwa niiache kwa sentineli. Hii ya nne ninaiandika mbele ya watu wote, maana Jumanne iliyopita nilinunua mkono wa mwanamke kwa kilo.

Nilikuwa nimekwenda nyuma ya soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kutafuta vipande vya bati kwa ajili ya wanafunzi wangu wa kuchora. Kwenye kibanda kimoja cha mitrai, yaani vyuma chakavu, kati ya nyaya za umeme zilizochunwa na rejeta ya kamyo, nikauona: mkono wa shaba, kuanzia kiwiko hadi vidole, umeshika mchi. Kingo zilikuwa zimekatwa kwa diski ya mashine ya kukatia chuma, bado kali, zinakwaruza. Lakini mgongo wa kiganja ulikuwa na ile kijani iliyokomaa ambayo hakuna rangi ya dukani inayoifikia. Niliugeuza. Nyuma yake alama za nyundo zimepangana kama magamba ya samaki, ndogo karibu na vidole, kubwa kwenye kiwiko. Nilizijua. Nimepita mbele ya mkono ule tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Muuzaji aliutupa kwenye mizani, akataja bei, nikatoa pesa niliyokuwa nimeiweka kwa kodi ya nyumba. Sikubishana naye. Si yeye aliyekwenda kuukata ukutani.

Mnalijua jengo ninalolisema. Ni lile la serikali, la zege tupu, halikupigwa plasta wala rangi, lililosimamishwa wakati shaba ilikuwa bado inalisha mji huu, kabla bei yake haijaporomoka katikati ya miaka ya 1970. Kwenye ukumbi wa kuingilia kuna ukuta mzima wa shaba iliyofuliwa kwa nyundo: wafua shaba wa zamani wamezunguka tanuru la udongo, misalaba ya shaba inapoa mchangani, wanawake wanatwanga. Sasa mwanamke mmoja hana mkono, na mahali pa tanuru pana mashimo ya misumari.

Mwaka jana mwezi wa kumi, mijakaranda ikiwa imechanua, mlikuja kulitembelea. Nilikuwepo. Mliweka kiganja chenu kwenye shaba ile mkasema, mbele ya walimu na watu wa kamera: «Hii haitaguswa. Hii ni yetu.» Nilipiga makofi mpaka mikono ikawaka moto. Mheshimiwa, neno hilo mlilisema ninyi, hakuna aliyewalazimisha. Ndilo ninalokuja kulidai.

Nataka nieleweke vizuri, kwa sababu watu wenu wamesema mimi na wenzangu tunapinga maendeleo. Mnataka jengo liwe kituo cha mafunzo na biashara ndogo za vijana. Vizuri sana, lifanyeni. Jengo lisilokaliwa huoza haraka. Majani hujaa kwenye mifereji ya paa, maji ya masika yanakosa njia, yanakaa, yanapenya. Ile mistari myeusi mnayoiona ukutani, ambayo mjumbe wenu aliionyesha kwa kidole akisema jengo limezeeka, ni maji ya mifereji iliyoziba. Nilipanda mwenyewe juu ya paa na kijana mmoja mwenye ngazi. Mfereji wa kwanza tuliozibua ulitoa kiatu cha mtoto, mifuko ya plastiki na udongo wa ndoo mbili.

Mjumbe huyo huyo alitufundisha kwenye mkutano kwamba jengo ni la mtindo unaoitwa Brutalisti, na kwamba jina lenyewe linaonyesha ukatili wake, kwa hiyo ni lazima livalishwe nguo. Aliyemwambia hivyo alimdanganya. Jina hilo linatokana na maneno ya Kifaransa «béton brut», zege lililoachwa kama lilivyotoka kwenye mbao, bila kufunikwa. Msanifu Le Corbusier alijenga hivyo jumba lake kubwa la makazi kule Marseille, Ufaransa, likakamilika mwaka 1952, na wengi duniani wakamfuata. Ukatili haumo. Kilichomo ni kuonyesha jengo limetengenezwa na nini, na nani.

Na nani. Hapo ndipo linaponiuma.

Baba yangu alikuwa fundi wa kofraje. Alikata na kufunga zile mbao zinazolishika zege mpaka likauke. Kila mstari ulio kwenye kuta zile ni alama ya ubao, na kila duara ni fundo la mti. Karibu na mlango wa mashariki, usawa wa goti langu, kuna fundo lenye umbo la jicho. Baba alinishika mkono nikiwa na miaka saba akanionyesha. Alisema ubao ule alitaka kuutupa kwa sababu ya fundo, msimamizi akamkatalia kwa kuwa mbao zilikuwa zimepungua, naye akalala na hasira. Kesho yake walipobandua, akakuta jicho linamtazama, akacheka. Baba ameshafariki. Sina hata picha yake moja akiwa kazini. Nina fundo lile tu, na kwenye mchoro uliobandikwa langoni nimeona kwamba ukuta wa mashariki utafunikwa wote kwa vibao vya alumini na vioo vya buluu.

Mheshimiwa, vioo vya buluu, Lubumbashi, kwenye jua la mwezi wa kumi? Nimefundisha kuchora katika jengo lile miaka 11, chumba cha chini, upande wa bustani. Umeme ulikatika mara ngapi sijui, lakini sikuwahi kusimamisha somo. Waliolichora waliliwekea mapezi ya zege nje ya madirisha ili jua lisiingie moja kwa moja, na ukuta wa matundu upande wa pili ili upepo upite. Saa nane mchana, nje lami inalainika, ndani mtoto anakaa kwa utulivu na penseli yake, na mwanga umetawanyika mezani bila kivuli kikali. Mkiziba matundu yale mtahitaji mashine za baridi kila chumba, na jenereta ya kuziendesha, na mazuti ya jenereta. Nani atayanunua? Vijana wa kushona na kutengeneza simu mnaotaka kuwapangisha?

Wamesema basi angalau lipakwe rangi. Wakipaka rangi ya mafuta, unyevu utafungiwa ndani. Chuma kilichomo kwenye zege kitashika kutu, na kutu huvimba, inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, mpaka zege linapasuka na kuanguka vipande. Palipoharibika panatengenezeka: unaondoa sehemu iliyolegea peke yake, unasugua chuma hadi kiwe safi, unaziba kwa zege lenye mchanga na kokoto zinazofanana na za zamani, na unajaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana. Hiyo ni kazi ya mafundi wa hapa hapa, na pesa yake itabaki hapa.

Kwa nini basi haraka hii? Sijakaa kwenye mikutano yenu, ninasema ninachokiona. Nadhani vile vioo vilikwisha kuagizwa kabla jengo halijapimwa. Nadhani kuna mtu alipita kwenye ukumbi ule, akatazama ukuta wa shaba na kuhesabu kilo. Kama ninakosea nisahihisheni hadharani, nitashukuru. Lakini mkono haukutembea wenyewe mpaka sokoni.

Jengo linaweza kubadilishiwa kazi bila kuchunwa ngozi, na mji huu unajua. Ukumbi wetu wa tamthilia, ambao Claude Strebelle na wenzake wa kundi la Yenga waliuchora miaka ya 1950, ulijengwa kwa ajili ya waigizaji na waimbaji. Leo tunauita Jengo la 30 Juin, wabunge wa jimbo wamekaa humo, na mtu aliyeondoka hapa kijana akirudi mzee bado anautambua kutoka barabarani. Kule São Paulo, Brazili, msanifu Lina Bo Bardi alipewa kiwanda cha zamani cha mapipa akigeuze kituo cha watu. Alipofika akakuta watoto wanakimbia humo na familia zimejaa siku za mwisho wa wiki, akaamua kwamba hicho ndicho cha kulindwa. Aliacha kuta za kiwanda, akaongeza kando yake minara ya zege kwa ajili ya michezo. Kilifunguliwa mwaka 1982 na mpaka leo kinajaa. Ninyi pia mlikuta watoto ndani, Mheshimiwa. Walikuwa 34, na kila mmoja alikuwa na daftari lake.

Ukitaka kuona upande mwingine, kuna Oslo. Huko Norway serikali ilikuwa na jengo la mwaka 1969 lililochorwa na Erling Viksjø, na ukutani mwake kulikuwa na michoro ya Picasso iliyochongwa kwenye zege lenyewe na Carl Nesjar. Jengo hilo lilinusurika bomu la mwaka 2011. Mwaka 2020 likabomolewa, watu wakiandamana. Michoro ilikatwa pamoja na kuta zake, mmoja peke yake ukiwa na uzito wa tani 250 hivi, ikabebwa ili iwekwe kwenye majengo mapya. Na hao ni watu waliokuwa na pesa, mashine na wahandisi, wakakata kwa kipimo, wakahifadhi. Sisi tumekatiwa kwa diski, usiku, tukauziwa kwa kilo.

Hili linatokea katika mji gani? Katika mji uliokuwa na Hangar kuanzia mwaka 1946, karakana ambako Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole vyake, Mwenze Kibwanga akajaza turubai kwa vistari vifupi, na Pilipili Mulongoy akachora ndege na samaki ambao watu wa ng'ambo wanawatafuta kwa bei kubwa. Mji wenye Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili, tangu mwaka 2008. Wageni wanakuja, tunawaonyesha nini? Mashimo ya misumari?

Tangu tulipotolewa kwenye jengo lile, tunasoma chini ya mwembe uani kwangu, Katuba. Tulipewa siku mbili za kuhama. Mabenchi niliyabeba kwa mkokoteni, safari tano, nikilipa mimi. Kabati la karatasi halikupita mlangoni, likabaki nje, mvua ya kwanza ikalishukia, na michoro ya miaka 11 ikagandana ikawa kama mkate uliolowa. Nilikaa chini nikijaribu kuibandua mmoja mmoja kwa kisu cha jikoni. Nilipata 6. Watoto waliobaki ni 12, kwa sababu wengine nauli ya taksi-basi mpaka Katuba imewashinda. Mvua ikinyesha, somo limekwisha. Mlisema tutapewa chumba kingine «ndani ya mwezi mmoja». Huu ni wa saba.

Chumba ninakihitaji, sitaficha. Lakini leo kama mkiniuliza nichague kati ya chumba na ukuta, nitachagua ukuta, maana chumba hata mwakani mnaweza kunipa. Shaba ikishayeyushwa haitarudi.

Ipo sheria ya kulinda mali ya utamaduni katika nchi yetu, ya tarehe 15 mwezi wa tatu mwaka 1971, nayo inaruhusu jengo na kazi ya sanaa kuorodheshwa ili visiguswe bila ruhusa. Ombeni jengo hili liorodheshwe. Ni barua moja, na saini ni yenu.

Kabla ya hiyo barua, simamisheni diski. Sisemi simamisheni mradi. Simamisheni diski, wekeni mlinzi wa mchana na wa usiku kwenye ukumbi, aliye na jina na anayewajibika, na mlete watu wa makumbusho na wa chuo cha sanaa wapige picha na kuhesabu kila kipande kilichobaki. Wafanyakazi wasiendelee kusugua shaba kwa asidi eti ing'ae. Ile kijani ndiyo ngozi inayoilinda. Nilimwona kijana mmoja Alhamisi akisugua uso wa mfua shaba kwa brashi ya chuma, nikamwomba aache, akaniambia ametumwa. Ninaamini ametumwa. Mwambieni ninyi aache, atawasikiliza.

Na wanunuzi wa mitrai watangaziwe kwamba kipande chochote chenye alama za nyundo kirudishwe bila kuulizwa maswali. Nimekwisha kupita vibanda vinane kwa miguu. Kwenye kimoja walinielezea msalaba mmoja na kichwa cha mtu, vilivyoondoka Jumatatu kwa kamyo. Kila siku inayopita kuna kamyo.

Mkono ninao nyumbani. Nimeufunga ndani ya kitenge, uko chini ya kitanda, sijauosha wala kuunyoosha ulipopinda, ili fundi ajue pa kuanzia. Nitauleta mwenyewe siku mtakaponipangia, saa yoyote, hata alfajiri, ila niukabidhi mkononi mwenu, mbele ya ukuta ule ule mlioushika mwaka jana.

Simamisheni diski, Mheshimiwa. Leo.

Mwalimu wa kuchora, binti wa fundi wa kofraje,
Katuba, Lubumbashi